Debe la Kwanza la Ngano ya Baba

Zagayu, Itilima
Jumapili baada ya misa

Kaka Emanueli,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mbele, halafu mwombe asogee kidogo, maana barua hii nakuandikia wewe. Goti lake linaendeleaje? Bado analala na soksi? Na huko Mbulumbulu ukungu umeshapungua, ama bado mnatafutana uani mpaka saa nne? Sisi huku tu wazima. Limi ameng'oka meno ya mbele na anajivunia pengo lake kwa kila mgeni. Baba yake yuko Meatu anachimba visima. Mimi nimeiva kwa jua mpaka ukiniona utanisalimia kwa Kisukuma.

Barua yako nimeipata kwa yule dereva wa vitunguu anayepita Haydom na daraja la Sibiti. Unasema mbegu uliyoiweka darini imeliwa yote na fukusi, na kupanda kumekaribia, kwa hiyo nikurudishie japo gunia moja kutoka kwenye lile fungu langu la ngano ya Baba. Unasema mbegu yake ile ya masuke meupe haipatikani dukani siku hizi, na hutaki shamba lake lipandwe kitu kingine mwaka huu wa kwanza tangu tumzike. Nimekuelewa, Kaka. Ungeweza kupiga simu, lakini ulifanya vizuri kuandika. Simu ya nyumbani Mama huiweka spika na ukoo mzima ukasikiliza, na haya ninayotaka kukueleza si ya spika.

Gunia halipo. Nusu gunia halipo. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, na ukifika kwenye jina la Maduhu unaweza kutema mate chini, mimi nimeshatema sana.

Maduhu ni mdogo wake Baba Limi. Msimu wa pamba ukifika yeye hupima pamba kwenye kituo cha kununulia. Msimu ukiisha, kazi yake ni kusimulia jinsi alivyopima. Ana mzani mmoja wa kuning'iniza, wa saa, kioo chake kimepasuka, na anatembea nao begani hata akienda kunywa chai. Akikukuta umebeba mtoto anataka kumpima. Watu humwita Bwana Mizani na yeye haoni kama wanamcheka.

Siku ile ngano uliyonitumia ilipofika, mji mzima ulijaa watu. Huku hawaijui ngano, Kaka. Wanaijua chapati tu. Mzee mmoja alichota punje, akazitafuna, akauliza huu ni mtama wa wapi uliokosa maji. Wakati wa kushusha, gunia moja likashikwa na msumari wa bodi ya lori, likapasuka, ngano ikamwagika uani, na wale watazamaji wasiojua hata kusogea wakaikanyaga kwa viatu vya matairi. Nikasema basi, hiyo iliyomwagika ni ya kuku. Nilikuwa na hasira.

Hapo ndipo Mayu akatoka. Mayu ndivyo tunavyomwita mama mkwe wangu, kwa Kisukuma ni mama. Alikuja na debe lake, lile la mafuta ya kula, limebonyea ubavuni tangu kabla sijaolewa, akaliweka mbele yangu. Nikamsalimia, nikapiga goti kama mila yao inavyotaka. "Mwadila, Mayu." Akaitikia, akanyoosha kidole kwenye magunia. Wifi yangu, mke wa Maduhu, akanieleza kwamba nafaka yoyote ikiingia mji huu, debe la kwanza ni la mama mwenye mji.

"Hata kama imetoka kwetu?" nikauliza.

"Imetoka kwenu, imeingia kwetu," wifi akasema.

Loo! Nilisikia moto kichwani. Mtu hajalima, hajapalilia, hajui hata jina la mbegu, anakuja na debe bovu kuchukua jasho la marehemu baba yangu! Tena huku debe kwao ni la kilima. Wanajaza mpaka juu, wanaongeza, wanaongeza tena, nafaka inasimama kama kichuguu, na ikianza kumwagika pembeni ndipo wanasema sasa limejaa. Wizi wa waziwazi, wenyewe wanauita ukarimu. Nikakumbuka Baba alivyokuwa anapima, anajaza debe, anachukua kijiti kilichonyooka, anafuta juu mara moja, bapa, asiyetaka aende kwa mwingine. Nikaokota kijiti uani. Nikalijaza debe la Mayu, nikalifuta bapa mbele ya watu wote. Nilifuta taratibu, waone.

Mayu aliliangalia debe, akaniangalia mimi, akasema, "Wabeja, ng'wanone." Asante mwanangu. Akajitwika kichwani, akaenda nalo kwenye kihenge chake nyuma ya nyumba. Baadaye nikamwona anachanganya ngano safi ya Baba na majivu ya jikoni. Majivu, Kaka! Nikamwambia Baba Limi kwamba mama yake ameharibu debe zima, akasema ndivyo anavyohifadhi kunde zake. Na kabla jua halijazama nikamwona tena yuko uani na kifagio, anafagia zile punje zilizokanyagwa, anazipepeta kwenye ungo, anachambua changarawe moja moja. Nikajisemea, tamaa gani hii ya mtu mzima, anagombea punje na kuku.

Magunia yangu niliyaweka kitaalamu. Chumba cha nje kilikuwa kitupu, nikatengeneza chaga ya miti isiguse sakafu, nikaacha nafasi na ukuta, nikang'ata punje za kila gunia kusikia kama zinalia meno yakikutana. Zote zilikuwa kavu. Gunia moja nikalifunga kitambaa chekundu, nikatangaza kwamba hili haliuzwi, hili ni la Baba. Yaliyobaki nilitaka yasagwe Bariadi. Kuna mama mmoja pale mjini ana mashine, anaitwa Mama Kulwa, anatafuta ngano ya kusaga unga wa atta, ule usiokobolewa, maana wapika chapati wanaulizia na kwenye duka anapata kwa shida. Tulikubaliana vizuri. Sharti lake lilikuwa apime kwa mzani wake na akague kwa macho yake, na akiridhika mimi nitakuwa mtu wake wa kumletea ngano kutoka kwenu kila mwaka. Unaona, Kaka? Nilikuwa naitafutia ngano yenu soko huku. Nilitaka na mimi niwe na kitu changu katika mji huu, nisiitwe tu mke wa fundi visima.

Nilipokwenda Bariadi kumaliza mazungumzo, ufunguo wa chumba Baba Limi akampa Maduhu. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Si ndiye mtu wa mizani?" Mume wangu ni mtu mwema, sisemi kitu. Lakini wema mwingine unahitaji kufungiwa kabatini.

Sasa nikueleze ujanja wa pamba, ili uelewe akili ya huyu mtu. Huku wapo wakulima, wakitaka kwenda kupimisha pamba, wanainyunyizia maji na kuitia mchanga kidogo. Maji yanaingia ndani, mchanga unashikilia, mzani unapanda. Pamba inapimwa, inaondoka, huko mbele watajijua wenyewe. Maduhu amekaa kituoni miaka yote anawaona wakifanya hivyo, anafumba jicho moja, na kwa akili yake hiyo ndiyo elimu ya kupima. Nilipokuwa Bariadi akaamua kunisaidia. Neno lake mwenyewe hilo, kunisaidia! Akaita vijana, wakafungua magunia asubuhi na mapema, wakanyunyizia ndoo za maji, wakayashona tena kwa sindano ya shazia, vizuri kabisa, kwa sababu kushona anajua.

Hakuacha hata moja. Lile la kitambaa chekundu alilifungua pia. Nilipomwuliza baadaye akasema, "Shemeji, niliona hilo ndilo unalolipenda, nikaona nalo lisipunjike." Haki ya Mungu, alisema hivyo.

Kama Fuso la Mama Kulwa la kuyachukua lingefika siku ileile, Maduhu angepata aibu ndogo tu. Lakini lilivunjika springi pale Lagangabilili likiwa kwenye safari nyingine, likakaa siku kadhaa likisubiri fundi, nami nikakaa Bariadi nikilisubiri ili nije nalo, nikinywa soda za watu na kuwaambia wote kwamba ngano ya Mbulumbulu haina mfano. Huku nyuma magunia yalikuwa yamefungiwa ndani ya chumba cha bati, na jua la Zagayu unalijua kwa kusikia, ngoja siku moja ulione.

Tulipofika Maduhu alikuwa amesimama mlangoni na mzani wake begani, anang'aa meno.

"Shemeji," akasema, "njoo uone. Imeongezeka!"

Akafungua mlango. Harufu iliyotoka, Kaka, ni ile ya togwa iliyosahaulika. Magunia yalikuwa yamevimba, mengine mishono imeachia, na yeye anayapigapiga matumbo kwa kiganja, anamwambia kijana wa Mama Kulwa aliyekuja na gari, "Tazama ujazo huo! Uliona wapi gunia linanenepa lenyewe?" Akaning'iniza mzani kwenye boriti, akatundika la kwanza, mshale ukakimbia, akageuka kunitazama akisubiri nimpigie makofi. Nilitia mkono kwenye mshono. Ndani kulikuwa na joto, unyevu, na vijizizi vidogo vyeupe vimeshikana na vidole vyangu.

Yule kijana wa Mama Kulwa alichota kidogo, akanusa, akacheka. Alicheka kwa adabu, lakini alicheka. "Mama," akaniambia, "hii si ngano tena. Hiki ni kimea. Tafuteni wapika pombe." Akapanda gari lake akaondoka tupu. Jioni Mama Kulwa akanipigia. Hakunitukana. Alisema tu kwamba yeye anatafuta watu wa kazi, na akanitakia maisha mema. Ningefurahi kama angenitukana.

Nilimwambia Maduhu maneno ambayo siwezi kuyaandika siku ya Jumapili. Unajua alinijibu nini? "Kwenye pamba haijawahi kutokea." Basi! Huo ndio utetezi wake wote. Nikamwambia pamba ni kitu kilichokufa, ewe debe tupu, ngano ni mbegu, ukiipa maji inajua kazi yake. Wewe ndiye pekee katika mji huu usiyejua kazi yako! Akanuna siku nzima. Wazee wa ukoo wakamwita, wakamwambia aniombe radhi, akaja na kuku. Nilipomwangalia vizuri yule kuku, alikuwa wa mama yake.

Na mwisho wa ngano ya Baba uusikie vizuri. Mke wa Maduhu akaona kimea kisipotee. Akakianika, akakisaga, akapika pombe. Zagayu nzima ilikunywa, wakasifu, wakasema pombe hii ina utamu wa kigeni, wakauliza kama nyingine itakuja mwakani. Mzee yule aliyeuliza kuhusu mtama uliokosa maji alilala njiani kwa furaha. Baba, ambaye hakuwahi kuonja hata mbege ya harusi! Nililia, Kaka. Nililia kwa hasira, nikawadharau wote, mji mzima, na ng'ombe wao, na mizani yao, na kilima chao juu ya debe. Bado nawadharau wengi wao.

Hayo yalikuwa yamepita, nikawa nimekaa nayo kimya, nikidhani wewe mbegu unayo na mimi aibu yangu itabaki huku huku. Ndipo barua yako ikaja.

Niliisoma jikoni. Nilipofika pale uliposema hutaki shamba la Baba lipandwe kitu kingine, nikashindwa. Nikaweka kichwa juu ya magoti. Limi akakimbia kumwita bibi yake, hajui nina ugomvi na bibi yake, yeye anajua tu kwamba mtu akilia anaitwa mtu mkubwa. Mayu akaja akasimama mlangoni. Kiswahili chake ni kidogo na Kisukuma changu ni kidogo, tunakutana katikati.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mayu. Kaka yangu anataka mbegu ya Baba, na mbegu ya Baba mmekunywa."

Nilisema mmekunywa, na yeye hanywi, ni mtu wa kanisa la Wasabato tangu ujana wake. Hakunisahihisha. Akasema, "Lete ungo. Na kijiti chako kile."

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Akafunua kifuniko cha kihenge, akatoa chungu kikubwa kilichozibwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akakivunja kwa jiwe. Ndani kulikuwa na majivu. Tukamwaga kwenye ungo, akapepeta, majivu yakaruka yakanijaa machoni na kinywani, na chini yake ikatoka ngano. Kaka, haina tundu hata moja. Nilichota nikang'ata, ikalia meno yakikutana. Wadudu waliokula mbegu yako darini hawakuigusa hii. Punje chache nilizitia maji juu ya kitambaa, na siku zilizofuata zote zikaota. Hakuna hata moja iliyogoma.

Papo hapo nyuma ya nyumba Mayu akaleta debe lake lile lile lililobonyea. Akaanza kumimina. Nilikuwa nasubiri lifike pale nilipolifuta, maana ndipo nilipompimia. Likafika, akaendelea. Likajaa juu, akaendelea, likasimama kilima, punje zikaanza kuteremka pembeni kwenye ungo.

"Mayu," nikasema, "hii imeongezeka wapi? Mimi nilikupa la kufuta."

Akachukua kile kijiti mkononi mwangu, akakitia kwenye jiko la mafiga pembeni, kama mtu anayeongeza kuni tu. "Ni zile mlizozikanyaga," akasema.

Nilipiga goti, na safari hii sikupiga kwa sababu ya mila.

Kwa hiyo mzigo utakaoletewa na dereva wa vitunguu ni mmoja tu, mfuko wa plastiki ndani ya kiroba, mdomo nimeushona mwenyewe. Maduhu alikuja na mzani wake kutaka kuupima kabla haujaondoka. Nikamwambia akiugusa nitampima yeye. Najua si gunia uliloomba. Ni debe moja tu la hawa watu wasiojua kupima. Panda kwenye kile kipande cha juu karibu na kaburi, uzidishe mwenyewe, mwakani litakuwa magunia. Usimpe mtu yeyote mbegu hiyo kabla haijazaa, hata katekista. Na yale majivu yaliyobaki kwenye punje usiyaoshe, na usiweke kitu darini tena. Nitakuandikia Mayu anavyoziba chungu, ingawa inaniuma kukiri kwamba kuna kitu Zagayu wanaweza kutufundisha.

Mama umpe shikamoo ya pili na umwambie ngano imepatikana, hayo mengine mpunguzie. Wifi yangu, mkeo, nampenda, namwombea ajifungue salama. Shangazi yetu anayeuza maziwa barabarani asalimiwe sana, na yule fundi wa trekta aliyemvunia Baba kwa mara ya mwisho mwambie sijasahau ukarimu wake. Watoto wote wabusu vichwani.

Na jambo moja la mwisho, Kaka. Kiroba kikifika mwite Mama uani, mmimine pamoja kwenye debe letu la nyumbani. Kilima kitasimama juu, mtakiona. Usitafute kijiti.

Mimi mdogo wako,
Paskalina, mama yake Limi